Kabla ya matokeo, tuulize mishahara

Hapa Malindi ligi ya Italia si habari ya mbali. Waitaliano wameishi na kujenga mjini kwetu miaka mingi, na vijana wengi wa mahotelini na ufuoni wamejifunza Kiitaliano kwa kusikia tu. Utawakuta wakibishania Juventus na Milan kwa moto ule ule wa Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, hapa Kenya. Ndiyo maana nikitaja Parma, watu wa rika langu wanaikumbuka mara moja: timu ya Buffon, Thuram na Cannavaro, iliyobeba Kombe la UEFA mwaka 1995 na 1999.

Mimi lakini nataka kusema juu ya msimu wa 2014/15, maana naona mpira wetu wa pwani unafuata njia ile ile.

Msimu uliotangulia Parma ilimaliza ya 6. Ukitazama jedwali tu, ungesema mambo yako sawa. Kumbe ilinyimwa kibali cha kucheza Europa League, mashindano ya vilabu vya Ulaya, kwa sababu ya kodi ya mishahara iliyocheleweshwa. Kwa maoni yangu, siku ile ndiyo iliyofaa hesabu zifunguliwe, kila mtu aone nani anadai nini. Haikuwa hivyo. Msimu ukaanza, miezi ikapita wachezaji hawajalipwa. Klabu ikauzwa Desemba, na Februari ikauzwa tena, kwa yuro 1. Mwezi huo huo mechi na Udinese ikaahirishwa kwa kukosa pesa za walinzi wa uwanja. Tarehe 19 Machi 2015 mahakama ikaitangaza imefilisika, na madeni yamepita yuro milioni 200. Ilikatwa pointi 7, ikamaliza mkiani, kisha ikaanza upya Serie D, daraja la nne.

Katikati ya balaa hilo, mwezi Aprili, wakaifunga Juventus 1-0. Ni Juventus ile iliyochukua ubingwa mwaka huo na kufika fainali ya Ulaya! Wengi huisimulia mechi hiyo kwa furaha. Mimi hunitia uchungu. Inaonyesha kwamba uwanjani watu walikuwepo, wana uwezo na wana moyo. Waliowaangusha walikaa ofisini.

Nahodha Alessandro Lucarelli alishuka na timu hadi Serie D, akapanda nayo daraja baada ya daraja mpaka ikarudi Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 2018. Namheshimu sana. Ila mchezaji wa Serie A ana akiba. Dereva wa timu na mfua jezi hawana, na hao ndio huumia kwanza pesa zinapokatika.

Nasi Kenya tumeyaona. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoondoa udhamini Agosti 2019, hata Gor Mahia na AFC Leopards ziliyumba. Miezi michache baadaye Sony Sugar ikatolewa ligi kuu kwa kushindwa kufika mechi 3.

Shuka sasa mpaka mitaani kwetu, Shella, Barani, Maweni. Timu inamtegemea mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo anatafuta kiti. Jezi mpya zinakuja, mpira unakuja, picha zinapigwa. Kura zikipita, simu yake haishikwi, na vijana wanachangishana nauli ya kwenda kucheza Kilifi. Sikatai wafadhili; bila wao timu nyingi zisingekuwepo. Ninachokataa ni ahadi ya mdomo. Iandikwe: kiasi gani, lini, na ya kazi gani. Kisha mweka hazina awasomee wanachama, na madeni yasomwe pia, si mapato peke yake.

Msimu ujao timu ikija kwangu kuomba mchango, nitatoa nilicho nacho. Lakini kwanza nitaomba kuliona daftari, na nitauliza kama kocha wa watoto amelipwa posho yake.