Siku Mbili Shuleni, Siku Tatu Nyumbani

Jamaa zangu Kenya huniuliza kwa mshangao: kweli huko Uingereza mzazi anaweza kumtoa mtoto shuleni akamfundisha mwenyewe? Anaweza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayolingana na umri na uwezo wake, kwa kwenda shule "au vinginevyo". Hilo "vinginevyo" ndilo lililofungua mlango. Hulazimiki hata kufuata mtaala wa taifa, ila ada za GCSE, mitihani wanayofanya wanafunzi wa huko wakiwa na miaka 16 hivi, utajilipia.

Mimi binti yangu sikumtoa kabisa. Niliomba, mwalimu mkuu akakubali: siku mbili shuleni, tatu nyumbani, vitabu tukivichanganya na masomo ya intaneti. Angekataa, sikuwa na pa kukata rufaa.

Nilidhani kishikwambi kingenipunguzia kazi. Wiki ya kwanza akamaliza zoezi zima la hesabu za sehemu (nusu, theluthi, robo), tiki za kijani kila mahali. Nikampa karatasi: "Hebu ikunje sehemu tatu zilizo sawa." Akaikunja katikati, akaikunja tena, akahesabu vipande vinne. "Mama, hii imekataa." Kumbe alikuwa akibahatisha, na programu ikimrudishia swali lilelile hadi apatie. Tulikunja karatasi asubuhi nzima. Siku hizi karatasi hutangulia, skrini ikafuata.

Hapo ndipo ninapokumbuka nyumbani Kenya. Shule zilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na masomo yakawa yanapitia redioni na kwenye runinga. Dada yangu aliwakusanya wanawe na wa jirani mbele ya redio. Kipindi kikiisha, anawauliza mmoja mmoja walichosikia. Intaneti hakuwa nayo, lakini watoto walikuwa na mtu wa kuwauliza. Mimi intaneti ninayo kutwa, ila nikitoka zamu ya usiku sina jirani wa kuketi na mtoto hata nusu saa.

Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, na nisingependa ilegezwe kiholela, maana wapo watoto ambao shule ndiyo kinga yao dhidi ya ajira na ndoa za mapema. Ninachoomba ni kwamba mzazi na mwalimu mkuu waruhusiwe kugawana siku, na mwalimu aendelee kumpima mtoto kila muhula. Namfikiria hasa yule anayeugua mara kwa mara, anayekosa wiki mbili, akirudi anakuta wenzake wako mbele, na hakuna aliyemwekea hata ukurasa mmoja wa kusoma kitandani.