Chausiku si Jina la Giza

Mtoto wa kaka yangu alijifungua mwezi uliopita, huku kwetu Mbagala, saa tisa za usiku. Siku ya saba tulipokusanyika kwa akika nikapendekeza mtoto aitwe Chausiku, jina la marehemu bibi yangu mzaa baba. Wakaguna. "Shangazi, hilo jina la giza," mama mtoto akaniambia, "na shuleni watamcheka." Basi akaitwa Laila. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, nami nikanyamaza kwa heshima ya siku ile.

Laila ni jina zuri na mwenyewe nampenda kwa moyo wote. Lakini Laila limetoka kwenye Kiarabu, kwenye neno lail, na lail ni usiku. Usiku tuliomkatalia mtoto kwa Kiswahili ndio huohuo tuliompa kwa Kiarabu. Hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu kilichokataliwa si maana ya jina, ni lugha yetu.

Na jina lenyewe lilivyosukwa! Wazee hawakusema "wa usiku". Walisema "cha usiku", wakakiacha kile chenye usiku bila kukitaja. Cha usiku nini? Kitoto. Kichanga. Mtoto ametiwa kwenye ngeli ya KI-VI, ngeli tunayoitumia kukifanya kitu kiwe kidogo cha kubebeka mkononi. Chaurembo limejengwa vivyo hivyo, na Chakupewa pia. Mimi nikilisikia Chausiku namsikia mzazi mchovu, taa ya chemli pembeni, anakitazama kilichomjia usiku ule na hana neno jingine la kukiitia. Sijui jina la kigeni linaloweza kunipa hayo yote kwa silabi nne.

Pwani tulizoea jina lishike wakati. Mwajuma wa Ijumaa, Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa sikukuu, Masika wa mvua za Machi hadi Mei. Bibi yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Jina lake ndilo lililobaki kutuambia alizaliwa saa ngapi.

Hilo la giza nalo nalikataa. Kwa hesabu ya zamani ya Pwani, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi baada ya magharibi, na ndiyo maana hadi leo watu hukaa kusoma Yasini jioni hiyo. Redio nazo kila asubuhi hutangaza yaliyotokea "usiku wa kuamkia leo". Usiku ni wa siku inayokuja, hauko mkiani mwa ile iliyopita. Kwa hiyo aliyezaliwa saa tisa za usiku ameiwahi siku yake. Na sisi tuliokaa kwenye ile akika ni watu wa kukesha Ramadhani tukiutafuta usiku wa Lailatulkadiri, ambao Kurani inasema ni bora kuliko miezi elfu. Tunawezaje kukesha tukiutafuta usiku, kisha tumwonee haya mtoto aliyekuja nao?

Habari ya kuchekwa shuleni naielewa. Nilisoma na Chausiku mmoja, na kweli walimwita "Giza" mpaka akalia. Lakini hakuna mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akatueleza ile "cha" ni ya nini. Angetueleza, nadhani wengi wetu tungetamani majina yetu yawe na kitu kama kile.

Nikimpakata Laila namwita Chausiku, polepole, sikioni. Mama yake alikuwa ananikatia jicho. Juzi, akiwa anakunja nepi, akaniuliza, "Shangazi, kwani ni cha usiku nini?"

Nikamjibu, "Kitoto, mwanangu. Kitoto cha usiku."