Uvimbe wa ini: picha pekee inatosha?

Saratani inayoanzia kwenye seli za ini ni miongoni mwa saratani chache ambazo daktari anaweza kuzithibitisha kwa picha, kama za CT au MRI, bila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano. Wapo wanaoogopa njia hiyo. Wengine huishukuru, maana sindano huweza kuvujisha damu, na mara chache huacha chembe za saratani ilikopita.

Wanaotegemea picha wana hoja nzito. Takriban robo tatu ya damu ya ini hupitia mshipa wa portali, unaoleta damu kutoka kwenye utumbo, ilhali saratani hii hulishwa zaidi na ateri, mshipa uletao damu itokayo moyoni. Ndiyo sababu dawa ya kontrasti, inayofanya damu ionekane kwenye picha, ikichomwa, uvimbe hung'aa mapema, kisha hufifia huku ini likiwa bado linang'aa.

Tatizo ni kwamba alama hizo hazina uzito uleule kwa kila mtu. Mfumo wa kusoma picha za ini uitwao LI-RADS, uliotolewa Marekani mwaka 2011, ni wa watu wazima wenye sirosisi (ini lililojaa makovu), wenye homa ya ini B sugu, au waliokwisha kukutwa na saratani hiyo. Kwa mwanamke kijana mwenye ini zima anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa adenoma tu, uvimbe usio saratani. Katika ugonjwa wa Budd-Chiari, ambapo njia ya damu kutoka kwenye ini huziba, vinundu visivyo saratani navyo hung'aa. Kwangu mimi hili ndilo kosa la kuogopwa zaidi: picha imesomwa vizuri, lakini fomu ya kuomba picha haikueleza mgonjwa ana ini la namna gani.

Kuna pia suala la muda. Picha ya awamu ya ateri, yaani ile ya wakati kontrasti iko kwenye ateri, ikipigwa mapema mno, uvimbe huweza usionekane.

Hata hivyo, siungi mkono kuchoma sindano kila uvimbe. Ukiwa chini ya sentimita 2, sindano huweza kuukosa, na jibu la "hakuna saratani" likamtuliza mgonjwa bure. Ila uvimbe uking'aa ukingoni tu, hata kwenye ini lenye sirosisi, hapo nataka kinyama: huenda ni saratani ya mirija ya nyongo, ambayo matibabu yake ni tofauti, na hata uamuzi wa kupandikiza ini hubadilika.