Koti la Bosi Ndani ya Otoklevu

Otoklevu ya maabara yetu pale Dar, ile mashine ya kuua wadudu wa magonjwa kwa mvuke, ina milio miwili. Wa kwanza ni wa kukwambia kazi imekwisha, unalia kwa adabu, pii, pii. Wa pili ni wa hitilafu, na huo hata mama ntilie wa ng'ambo ya barabara anaujua. Siku hiyo ulilia wa pili.

Mlinzi ndiye aliyefika wa kwanza, rungu mkononi.

"Yuko wapi?"

Kijana wa fildi akamwonyesha mashine.

Bosi naye akatoka ofisini mbio. Asubuhi ile alijimwagia maji yenye bakteria, akavua koti lake jeupe na kulitupa humo ndani mwenyewe, pamoja na chupa za agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria, liuliwe wadudu kabla ya kwenda kwa dobi. Mifuko hakuikagua, ni bosi.

Basi kila mtu akawa fundi. Bosi akasema umeme mdogo. Kijana wa fildi akasema tuchomoe waya tuchomeke tena, maana ndivyo wanavyofanya nyumbani king'amuzi kikigoma. Nikamdaka mkono. Mvuke ukishajaa hauna habari na soketi, na presha ikiwa bado imo, mlango haufunguki hata umwite mganga.

Nikaangalia geji: paundi 15, safi kabisa. Nikaangalia joto: nyuzi 112. Hapo nikajua. Paundi 15 za mvuke mtupu zinatakiwa zikupe 121. Ukiona 112, hewa imetoka nusu tu, nusu imebaki ndani, na unachokiona kwenye geji ni maziwa yaliyoongezwa maji. Wadudu sugu kwenye joto hilo wanaoga tu.

"Sasa fungulia mvuke wote utoke, nina kikao!"

"Bosi, tukiuachia kwa pupa agari itafurika yote. Tusubiri ishuke yenyewe."

Tukasubiri. Kitufe cha kunyamazisha kipo, ila kinaupa mlio nafasi ya kuvuta pumzi tu, halafu unaendelea pale ulipoishia.

Dada wa mapokezi akaingia, vidole masikioni. "Shikamoo bosi. Wagonjwa wanauliza kama tunaungua."

Bosi akaitikia huku anatazama dirishani. Wawili hao walikuwa na lao. Dada anaolewa mwezi ujao, na kila bosi akikumbushwa mchango, jibu lake ni moja: kadi haijamfikia. Alishamsingizia hadi mhudumu anayesambaza barua.

Geji ikafika sifuri, nikazima, nikavaa glavu nene na kufungua. Mistari ya tepu ya kuonyesha joto kwenye chupa, ambayo ingetakiwa kuwa myeusi, ilikuwa imepauka. Nikalitoa koti linachuruzika. Chini yake kuna chujio la tundu la kutolea hewa. Kwa kawaida huwa naokota pale mabonge ya agari na vipande vya lebo. Safari hii kulikuwa na kitu bapa kimenata, kimeziba matundu yote.

Nikakibandua taratibu kwa koleo. Karatasi nene, kona zimejikunja, maua ya dhahabu yamechuja.

Kijana wa fildi, ambaye hakuombwa, akasoma kwa sauti: "Dokta na Mama. Dabo. Laki mbili."

Mlinzi akakohoa. Dada akaipokea kwa ncha za vidole, akaipuliza, akaigeuza nyuma.

"Namba ya kutumia hela inasomeka vizuri tu, bosi."