Nimelipa, Bado Mnanipigia

Jamani, mtu akimaliza deni afanye nini tena ili aachwe? Mkopo wangu kwenye kampuni yenu ya mikopo niliumaliza msimu uliopita, hela ya korosho ilipoingia tu baada ya mnada. Akaunti ya mkopo ikafungwa, risiti ninayo. Leo bado kuna kijana yuko Dar, kapewa orodha ya wadaiwa sijui ya lini, ananipigia saa moja asubuhi niko shambani Newala: "Mama, deni lako linaiva." Linaiva kama embe?

Nikimwambia nimelipa, anataka barua ya kumaliza mkopo. Haya, napanda gari mpaka Mtwara mjini, nauli yangu, siku yangu. Dirishani naambiwa barua inatoka makao makuu, nisubiri. Kudai wanajua kwa simu, barua lazima nifuate kwa miguu!

Kinachoniuma zaidi ni nyie kumpigia shemeji yangu. Hakunidhamini, namba yake sijui waliitoa wapi, na sasa ukoo mzima unajua mimi "mdaiwa sugu". Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu ina tawi hapahapa Mtwara, pa kulalamika ninapajua. Kausha damu wa mtaani, yule mkopeshaji wa riba kali, ana afadhali, ukimlipa anachana karatasi mbele yako.

Na jina langu likibaki chafu kwenye kanzidata ya wakopaji, pembejeo za msimu ujao nitakopa wapi? Futeni jina langu. Na shemeji mumwombe radhi wenyewe, mimi sipigi hiyo simu.