Ubongo kizimbani: tunachokosa nyumbani si mashine

Wenzangu walio nyumbani Tanzania hudhani kwamba huku Marekani mshtakiwa akipigwa picha ya ubongo, jaji anaitazama na kesi imekwisha. Wengine huniuliza kwa uchungu kabisa, sisi tutafika huko lini? Jamani, kama ni wivu, tuwaonee kwa jambo jingine.

Chukueni kesi ya Brian Dugan, Illinois, mwaka 2009. Alishakiri kumuua mtoto wa miaka 10, ikabaki adhabu tu. Mawakili wake wakamleta mtafiti Kent Kiehl, aliyempima kwa MRI (mashine ya kupiga picha ya ubongo), aeleze kuwa ubongo wa mtu huyu una kasoro zinazoonekana kwa wenye saikopathi, yaani watu wasio na huruma wala majuto. Jaji akakataza picha zenyewe zisioneshwe kwa jopo, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi huku, zisije zikawapotosha. Akaruhusu michoro tu. Upande wa mashtaka nao ukaleta mtaalamu wake: mauaji yalitokea 1983, picha ya leo itatuambiaje alikuwa na ubongo gani siku ile? Jopo likaamua afe. (Alipona baadaye, Illinois ilipofuta adhabu ya kifo mwaka 2011, na hapo ubongo wake haukuhusika hata kidogo.)

Kilichobadilisha sheria huku hakikutoka kwenye kichwa cha mshtakiwa mmoja. Mwaka 2005, katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, Mahakama ya Juu ilikataza, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kumuua mtu kwa kosa alilotenda kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2010, kwenye kesi ya Graham, ikataja ubongo waziwazi: sehemu zinazomsaidia mtu kujizuia huendelea kukomaa hadi mwishoni mwa ujana. Kesi ya Miller ya 2012 ikafuta kifungo cha lazima cha maisha bila msamaha kwa waliotenda kosa kabla ya miaka 18.

Maarifa hayo hayadai mashine mahakamani. Yameshaandikwa, anayetaka anasoma.

Sasa tuje kwetu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kufikishwa mahakamani, ingawa akiwa hajafikisha 12 lazima ithibitishwe kuwa aliweza kujua hapaswi kutenda alichotenda. Aliye chini ya 18 hanyongwi, hilo tunalo. Ila akiua akiwa na miaka 18 na siku moja, akatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji ana adhabu moja tu ya kutamka: kifo. Awe na uvimbe kichwani, awe aliwahi kuumia akageuka tabia hata mama yake akamshangaa, kama hali yake haifikii kichaa kinachotambuliwa na sheria, hayo yote hayana pa kusikilizwa siku ya adhabu. Dugan alishindwa, lakini alipewa nafasi ya kubishania adhabu yake. Hiyo ndiyo ninayoionea wivu.

Wala hatuhitaji kuisubiri itoke Marekani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilishasema mwaka 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Jaji akifunguliwa, ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili na ushahidi wa ndugu wanaomjua mshtakiwa toka utotoni vinatosha kuanzia. MRI itatukuta njiani.