Kutoingilia mambo ya ndani: hoja inavyoonekana kutoka Nyarugusu

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015, Rais Nkurunziza wa Burundi alipong'ang'ania muhula wa tatu, wakaongezeka Warundi. Wakongo wengi walikimbia vita ambayo majeshi ya jirani yalijitosa. Warundi walikimbia mgogoro ambao hakuna jeshi la nje lililokwenda kuuzima. Kwa hiyo sisi wa Kigoma hatuwezi kuisifu kanuni ya kutoingiliana, yaani nchi isiingilie mambo ya ndani ya nchi nyingine, wala kuilaani, kwa urahisi.

Wanaoitetea wana hoja nzito. OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliiweka katika mkataba wake wa 1963 kwa kuwa mataifa machanga yaliwaogopa wakubwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Marekani iliivunja kwa kuwafadhili na kuwafunza waasi wa Nikaragua. Mwaka 2005 ikasema Uganda nayo iliivunja nchini Kongo. Uganda ilidai inajihami; mahakama haikukubali, na ilifanya vyema, maana kila jeshi linalovuka mpaka huja na dai hilo.

Lakini mwaka 1972 watu wengi mno waliuawa Burundi, na OAU ikawa upande wa serikali. Walionusurika wakaja kwetu. Baadhi walipelekwa Ulyankulu, Tabora, wakaishi humo miongo kadhaa kabla ya kupewa uraia. Mauaji yanayojaza watu nchi ya jirani yanamhusu jirani.

Umoja wa Afrika, uliochukua nafasi ya OAU, ulilitambua hilo. Sheria yake ya kuuanzisha ya 2000, ibara ya 4(h), inaupa haki ya kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Ila wenye kuamua ni marais. Desemba 2015 Baraza lake la Amani na Usalama liliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Januari 2016 marais wakakataa kuwapeleka bila ridhaa ya Bujumbura. Huenda askari wale wangechochea vita zaidi, na hofu hiyo si ya bure. Lakini Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, kilikuwa kimeshafurika watu, kipindupindu kimeshaua, na meli ya MV Liemba imeshawabeba maelfu hadi Kigoma mjini.

Kwangu mimi, nchi mojamoja iendelee kukatazwa kabisa. Umoja, kwa upande wake, usingoje ridhaa ya serikali inayotuhumiwa kuua watu wake, na nchi inayopokea wakimbizi iwe na haki ya kulifikisha suala mbele ya Baraza na kupata uamuzi ndani ya muda uliowekwa.